Bega la Shangazi Sekela

Bwana Mwaisaka, muuza nyama wa Mwanjelwa, mtu mwenye kitambi kinachoingia dukani kabla yake, alipanda kwenye kibao cha kioo, akatanua mikono kama mtu anayepima upana wa mlango, halafu akavuta tumbo ndani.

"Pumua, mteja wetu," mashine ikamwambia kwa upole. "Tumbo ni lako. Hakuna anayekunyang'anya."

Foleni nzima ikaangua kicheko. "Kumbe inaona!" mama mmoja akapiga makofi. Bwana Mwaisaka naye akacheka, na alipocheka tumbo likarudi mahali pake, na hapo hapo mwanga ukashuka. Ulianzia utosini, ukateremka taratibu kama maji ya uvuguvugu, ukapita shingoni, mabegani, kiunoni, mpaka kwenye vidole vya miguu. Pembeni yake akasimama Mwaisaka wa pili, wa mwanga mtupu, kitambi na vyote, anapumua anavyopumua mwenyewe.

Hiyo ndiyo Fundimwanga, jamani! Mashine ambayo imeifanya Mbeya izungumzwe mpaka kwa watu wanaoishi kwenye vituo vya mwezini. Fundi wa zamani alikuwa anapima kifua, kiuno na urefu wa mkono, basi. Fundimwanga inapima mahali pengi kuliko punje za mchele kwenye kilo. Inaangalia unavyopumua, unavyotembeza mkono, mguu gani unaupenda zaidi ukisimama. Yote inayaweka kwenye lile umbo la mwanga, linaloitwa sanamunuru, halafu inashona juu ya hilo wewe ukiwa umekaa pembeni na kikombe chako. Vidole vyake vya chuma ni vyembamba kama njiti za kiberiti. Vinakata, vinakunja, vinapita, hata huoni sindano iko wapi. Na mishono yenyewe ni ya mshono-pumzi: ina nyuzi zinazorefuka ukishiba na kurudi ukisikia njaa. Ukila ugali na nyama nusu kilo, suruali inakuelewa.

Chai ya Bwana Mwaisaka haikupoa. Koti lilikuwa tayari, bitana ndani, vifungo vimekaa. Akalivaa, akajigeuza mbele ya kioo. Mtu huyu alikuwa hajawahi kufunga kifungo cha katikati tangu ajulikane. Sasa kilifungwa, na aliinama kuokota kofia bila kitu kuchanika.

"Nani katengeneza hii kitu?" akauliza.

Watu wote wakamwonyesha msichana aliyekaa nyuma ya kaunta, miguu juu ya stuli, anakula mhogo wa kuchoma.

Huyo ndiye Tumpe Mwakatobe. Injinia wa mavazi, mtoto wa Uyole, aliyeipa Fundimwanga macho. Wenzake walitengeneza vidole na nyuzi, yeye akaandika kanuni zote za kupima: mashine iangalie nini, ikubali nini, ikatae nini. Ile ya kugundua wanaovuta tumbo ni yake. Na kanuni yake iliyosifiwa kuliko zote, iliyompa tuzo mpaka akapelekwa Dodoma kwenda kupewa ngao, ni Kanuni ya Wima. Watu wakija kupimwa huwa wanalegea, wengine wamezoea kubeba mkoba upande mmoja. Basi mashine ikiona bega moja limeshuka, inasubiri mpaka mteja ajinyooshe, ndiyo ikate. Ndiyo maana makoti ya Fundimwanga yanakaa kama yamemiminwa.

Wiki ile Tumpe alikuwa na furaha mara mbili. Mdogo wake, Subilaga, alikuwa na sendofu, sherehe ya kuagwa kabla ya harusi, Jumamosi, na kamati ya kina mama ilikuwa imeshachagua sare: kitenge cha buluu chenye mistari ya njano inayopanda juu. Ndugu wote walikuwa wanakuja kushonewa kwa Tumpe, na kila mmoja anatoka pale anatembea kama kaajiriwa upya.

Alhamisi mchana akaingia mama mmoja kajifunga kilemba mpaka kwenye nyusi, miwani mikubwa ya jua, koti zito, na bega moja limevimba ajabu. Akapanda kwenye kibao bila kusalimia mtu.

"Jina lako, mteja wetu?" mashine ikauliza.

"Sekela Mwakatobe."

Mwanga ukashuka, ukafika kifuani, ukasimama. "Karibu tena, mama Ikupa."

"Siyo Ikupa mimi! Ikupa ni mwembamba, mimi nimejaza."

"Ulipimwa Jumatatu, mama Ikupa. Umeongeza soksi tu, begani."

Wateja walicheka, wee! Shangazi Ikupa akavua miwani, akachomoa jozi mbili za soksi kwenye koti, akaziangalia kama ndizo zilizomchongea. Huyu ni shangazi mdogo wa Tumpe, mdomo kama redio, mtu ambaye hata msibani anakaa mbali na wafiwa ili asije akawachekesha.

"Mashine gani hii haina hata siri?" akasema.

Tumpe akamvuta nyuma ya pazia. "Shangazi, ulikuwa unafanya nini?"

"Nampimia dada. Sekela. Mbona kawaida tu! Sisi tunalingana."

Na kweli, zamani ilikuwa kawaida. Kama huna nafasi ya kwenda kwa fundi unamtuma ndugu mnayelingana. "Pima mdogo wangu, tunavaa sawa." Fundi anampima mdogo, dada anavaa. Nani angekuja kuhakiki?

"Lakini mashine inatakiwa imwone mwenyewe. Ndiyo kazi yake. Umeanza lini kumpimia?"

"Tangu tuko wasichana."

"Kila nguo?"

"Kila nguo."

"Kwa nini?"

Ikupa, kwa mara ya kwanza katika historia ya ukoo ule, akakosa mzaha. Akakunja soksi zake. "Kamuulize mwenyewe, binti. Mimi ni kipimo tu, siyo msemaji."

Jioni ile Tumpe akapanda kiti-waya, vile viti vinavyoning'inia kwenye nyaya kutoka Mwanjelwa mpaka Uyole, mlima Loleza ukiwa mgongoni kwake na baridi ya mwezi wa sita ikimuuma masikio. Alimkuta Shangazi Sekela jikoni anamenya viazi, khanga imetandwa mabegani kama siku zote.

Huyu sasa ndiye shangazi mkubwa. Mama yao alipofariki, Tumpe akiwa anaanza shule na Subilaga bado yuko mgongoni, ni Sekela aliyewachukua. Na kwao, siku ya sendofu, shangazi mkubwa ndiye anayemshika binti mkono, anapita naye katikati ya ukumbi wote, anamkabidhi kwa wakwe. Subilaga alikuwa ameshasema wazi: "Shangazi Sekela asiponishika mkono, mimi sisimami. Wanikute nimekaa."

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Ikupa kanipigia. Kaniambia mmemuumbua." Sekela aliendelea kumenya. "Mwache Ikupa amshike Subilaga. Anapenda kuonekana yule. Mimi nitakaa nyuma, niangalie chakula."

"Subi hatakubali, na unajua. Shangazi, kwani kuna nini?"

Kisu kikasimama. Sekela akaangalia mlango kama vile kuna mtu anasikiliza, halafu akashusha khanga.

Tumpe alijua mgongo wa shangazi yake umepinda. Nani asingejua? Lakini alikuwa anaujua kama mtu anavyoujua mlima wa nyumbani kwao: upo tu, huuangalii. Sasa akauangalia. Uti wa mgongo ulianza vizuri shingoni, katikati ukakata kona, ukarudi. Bega la kushoto lilikuwa chini, mbali na la kulia. Na gauni! Gauni lilikuwa limekatwa kwa ajili ya mtu mwingine kabisa. Upande mmoja limevuta, upande mwingine limejikunja, pindo limepanda huku na kuburuta kule.

"Nilikuwa na miaka kumi na tano," Sekela akasema. "Nimepelekwa kushonewa gauni la kipaimara. Yule fundi alikuwa anapima huku anamtajia mwenzake kwa sauti. Kifua hiki, kiuno hiki. Alipofika begani akasema, 'Andika kushoto toa inchi tatu. Hapana, ngoja. Binti, umesimama au umeanguka?' Duka zima likacheka. Kulikuwa na wavulana wa kwaya pale mlangoni." Akatabasamu kidogo. "Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa anatania tu. Lakini futi kamba haijanigusa tena, mwanangu. Maisha yangu yote nimevaa mwili wa Ikupa."

Tumpe, kwa kuwa ni Tumpe, akaruka juu. "Shangazi! Lakini mashine yangu haitaji vipimo kwa sauti! Haina mwenzake wa kuandika, haina wavulana wa kwaya! Ni mwanga tu. Njoo asubuhi kabla hatujafungua, tuwe wawili. Nimeitengeneza mwenyewe, shangazi. Niamini."

Sekela akaweka kisu chini. "Umeitengeneza mwenyewe," akarudia, na kwenye sauti yake kulikuwa na fahari nyingi kuliko woga. "Ndaga, asante sana, mwanangu. Nitakuja."

Ijumaa asubuhi alikuja. Tumpe akafunga mlango, akashusha mapazia. Sekela akavua khanga, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye kiti, akapanda kwenye kibao cha kioo kwa nguo nyepesi ya ndani.

"Karibu, mteja wetu mpya," mashine ikasema. Mwanga ukashuka. Utosini, shingoni. Ulipofika mabegani ukasimama.

"Simama wima, tafadhali."

Sekela akajivuta juu.

"Simama wima, tafadhali."

Akajivuta tena, mpaka mshipa ukatoka shingoni. Bega la kushoto likapanda kidogo, likatetemeka, likashuka.

"Bado kidogo tu. Simama wima, tafadhali."

"Nimesimama, mwanangu," Sekela akaiambia mashine, kwa ile sauti ya mtu mzima anayemwomba mtoto radhi. "Wima wangu unaishia hapa."

Mashine ikamrudishia mwanga begani. Halafu, kwa upole ule ule ambao watu wa Mwanjelwa walikuwa wanausifu, ikasema: "Tutakusubiri. Simama wima, tafadhali."

Sekela akashuka. Hakulia. Alichukua khanga yake, akajitanda, akaanza kutafuta kiatu cha pili kwa mguu.

Tumpe alikuwa amesimama pale kama amemwagiwa maji. Ile sentensi aliiandika yeye. Alichagua hata lile neno "tafadhali", akajisifu kwamba ni la adabu. Mgongo uliombeba akiwa mgonjwa, uliombeba Subilaga mpaka akajua kutembea, alilelewa juu yake, na bado alipokaa kuandika mwili wa binadamu ulivyo, haukumjia akilini hata mara moja.

"Shangazi, usiondoke. Nakuomba. Kosa siyo lako, ni la mashine. Hapana, ni langu. Nipe muda."

"Subilaga atanielewa."

"Mimi sitajielewa."

Sekela akakaa, kiatu kimoja mguuni.

Tumpe akafungua kumbukumbu za mashine. Alitaka kuitafuta kanuni tu aifute, lakini mkono ukasita. "Fundimwanga," akasema, "nionyeshe wote ulioshindwa kuwashonea kwa sababu ya Kanuni ya Wima."

Duka likajaa watu wa mwanga.

Walitokea mmoja baada ya mwingine, sanamunuru zisizo na nguo. Kijana wa mguu mmoja mfupi. Mama aliyeondolewa titi, anaegemea upande uliobaki. Mzee aliyepooza mkono. Msichana wa shule mwenye kibiongo, kichwa kakiinua juu kabisa, anajitahidi. Na kila mmoja alikuwa amegandishwa pale alipofika mwisho wa kujinyoosha: shingo zimekaza, midomo imebanwa. Walikuwa wengi. Walijaa mpaka mlangoni. Wote walikuja dukani kwake, wakaambiwa tafadhali, wakaondoka kimya kimya, na hakuna hata mmoja aliyelalamika.

Sekela akasimama, akatembea katikati yao. Alifika kwa yule msichana wa shule, akamzunguka, akamtazama mgongo.

"Huyu ni mimi," akasema.

Tumpe akafuta kanuni ile. Ile ya tuzo. Akaifuta hapa, na kwenye Fundimwanga zote nchini, kwa sababu zote zinasoma kanuni zake kwenye shina moja.

"Nimepokea," mashine ikasema. "Lakini nisiponyoosha, nitamjuaje aliyelegea na aliyesimama?"

Swali zuri, huwezi kuilaumu! Tumpe akakuna kichwa. Angeweza kuandika kanuni nyingine, ndefu zaidi, ya kupima mifupa. Akamtazama shangazi yake.

"Usikisie. Muulize mwenyewe."

"Nimuulize nini?"

Sekela ndiye aliyejibu. "Niulize kama niko tayari. Nikisema niko tayari, basi nimesimama."

Akapanda tena. Mwanga ukashuka, ukapita mabegani bila kusimama, ukafuata ile kona ya mgongo taratibu, ukairudia, ukafika miguuni.

"Uko tayari, mama Sekela?"

"Niko tayari."

Basi Fundimwanga ikashona, na hapo ndipo Tumpe aliona kitu ambacho hata yeye hakujua mashine yake inakiweza! Vidole vilianza kukata kitenge, vikasita, vikakigeuza, kama fundi aliyepewa kazi inayomfaa kwa mara ya kwanza. Makoti ya watu walionyooka yalikuwa yanaichosha, ungeapa. Bega la kushoto ikalipa mkunjo wake lenyewe, mdogo, kama ua lililofumba. Haikuweka sponji kuficha. Ile mistari ya njano ikaianzisha chini kulia, ikaipandisha, na ilipofika kwenye kona ya mgongo ikaiacha ikate kona pamoja nao, kama barabara ya milimani inayojua inakokwenda. Kila kitu kilifuata mwili. Kitu kimoja tu kilinyooka: pindo. Pindo lilizunguka miguu yote, sawasawa, kama limechorwa kwa rula.

Sekela alivaa. Aliangalia chini kwanza, kwenye pindo. Aliangalia muda mrefu.

"Halijapanda," akasema. "Tumpe, njoo uone. Halijapanda popote."

Siku nzima ile Tumpe hakupima mtu. Aliwapigia simu wale wa mwanga, mmoja mmoja, kuwaomba warudi. Wengi walikuja mbio, foleni ikafika barabarani. Wengine waligoma, na walikuwa na haki. Kijana wa mguu mfupi alisema, "Nilishanunua koti la dukani, dada, asante," akakata. Na simu ya mzee wa mkono uliopooza ilipokelewa na mwanawe. "Alikuwa anataka suti ya harusi yangu," akasema. "Alihudhuria na koti la kuazima. Ndilo tulilomzika nalo." Tumpe alikaa na simu ile mkononi mpaka ikazima mwanga. Hilo hakuna kanuni ya kulifuta.

Usiku ule nyumbani Ikupa akaliona gauni limetundikwa, akashindwa kujizuia. Akajifungia nalo chumbani, akatoka limemng'ang'ania mgongoni, bega moja linaelea hewani.

"Dada! Limeharibika! Linanipinda!"

Sekela alicheka mpaka akashika ukuta. "Livue, mdogo wangu. Utanikosesha nguo. Hilo huna mwili wake."

"Yaani miaka yote nimekupa wa kwangu, wewe wa kwako unaninyima?"

"Nakunyima."

Jumamosi ukumbi ulifurika. Wakwe wamekaa mbele, kina mama wa sare ya buluu wamejaa pande zote mbili, muziki umepunguzwa. Mlango ukafunguliwa. Subilaga akatokea, anang'aa, na mkono wake umeshikwa na Shangazi Sekela. Bila khanga. Mgongo wake ulikuwa pale, mbele ya watu wote, umevalishwa kama kitu cha kuonyeshwa. Vigelegele vilianzia upande wa Ikupa, vikapokelewa, vikazunguka, mpaka mabati yakaitikia. Akatembea taratibu, hatua zake zile zile za kuinama upande, na gauni likaenda naye hatua kwa hatua bila kuvuta, bila kukunja.

Mbele kabisa Ambokile, mpiga picha, kijana mwenye haraka zake, akawasimamisha. Akatazama kwenye kamera, akainua kichwa, akapunga mkono.

"Bibi harusi, safi hapo hapo. Mama, wewe nyanyua bega la kushoto kidogo. Limeshuka."

Tumpe akainuka kwenye kiti. Subilaga akafungua mdomo, lakini Sekela akamfinya mkono, akamtazama yule kijana bila hasira yoyote.

"Halijashuka, baba," akasema. "Niko tayari. Piga."